Kufuli Tatu za Bonde

Mie niliwahi kuwa katibu wa chama chenye katiba, mhuri, daftari la mihtasari na sanduku la kufuli tatu, na kazi yake yote ilikuwa kulinda askari wa mbao wenye urefu wa kidole. Cheka ukitaka. Mke wangu alicheka miaka miwili, kisha akachoka.

Mchezo wenyewe uliitwa Vita vya Bonde. Sie tuliuita Bonde tu. Ulitengenezwa na kiwanda kimoja cha umma ambacho kazi yake hasa ilikuwa madawati na rula za shule. Sijui nani aliamua kwamba vipande vya msonobari vinavyobaki chini ya msumeno vifanywe askari, lakini aliyeamua Mungu amlipe kheri. Kasha moja lilikuwa na askari arobaini wa kijani na arobaini wekundu, kila upande na jemadari wake humohumo, dadu mbili, kijitabu cha kanuni cha karatasi ya kijivu, na kamba yenye mafundo. Huendi kwa miraba kama kwenye drafti. Unalaza kamba mezani unapima: askari wa miguu mafundo mawili, mzinga fundo moja, jemadari mafundo matatu. Kisha unarusha dadu ujue nani kafa. Milima tuliifanya kwa vitabu vilivyofunikwa kanga ya mke wangu, na mto ulikuwa mkanda wa suruali.

Tulichezea kibarazani kwangu Temeke, kila Jumapili baada ya adhuhuri. Mwanzoni tulikuwa wengi. Kulikuwa na makasha Keko, Tandika, mpaka Kinondoni, na watu walikuwa wanakujaga na jeshi lao mfukoni kwenye soksi. Mwishoni tulibaki kama kumi hivi, na katika hao kumi wanaohitajika hapa ni wanne. Alikuwepo Mwalimu, mstaafu, ambaye alicheza taratibu mpaka chai inapoa mara mbili. Alikuwepo fundi cherehani, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Nilikuwepo mie, karani wa ghala. Na alikuwepo mtani wangu.

Mtani alikuwa mtu wa Kusini, mchonga vinyago. Aliwahi kupanga chumba katika nyumba ya marehemu baba, kisha akahamia Manzese alikopata kibanda cha kazi. Kila Jumapili alikuja kutoka huko, magari mawili, na vumbi la mpingo kwenye nyusi. Mie ni mtu wa Pwani, yeye wa Kusini, na kati yetu kulikuwa na utani ule wa zamani tulioukuta kwa wazee. Yeye akifika hodi yake ilikuwa, "Nyie watu wa Pwani, jua limeshawaunguza makalio bado mmelala?" Nami namjibu, "Mla panya wee, ingia, paka wangu ana njaa." Mke wangu alikuwa anaweka sahani yake bila kuuliza.

Na mtani ana haki zake. Anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, akakaa nacho, ukakikomboa kwa soda, na hukasiriki. Akikasirika mtu kwa utani, watu humwona hana malezi. Siku moja mtani alinivua kofia yangu ya Idi, akaenda nayo Manzese, akaitundika kibandani kwake wiki nzima juu ya kichwa cha kinyago. Niliikomboa kwa soda mbili, na tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nalieleza hili mapema ili ubaya wangu uonekane vizuri baadaye.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini kiwanda kikafa. Wakati ule viwanda vilikuwa vinakufa kimyakimya, unasikia tu kwamba fulani hajalipwa, kisha fulani yuko nyumbani. Madukani vilijaa vitu vya plastiki kutoka nje, bastola za maji, magari ya betri, na mtaani kwetu jamaa mmoja alinunua video, akawa anaonyesha picha za mapigano sebuleni kwake. Wachezaji wetu vijana walihamia huko. Bonde likabaki kwa sie tuliokwisha kulipenda, na sie tukaanza kuogopa.

Hofu yenyewe ilikuwa hivi. Askari akipotea, ndio basi. Zamani ulikwenda duka la ushirika ukapata wa akiba. Sasa kuku akimmeza mzinga wako, na kuku walimeza kweli, jeshi lako ni kilema mpaka kiama. Tulikusanya mabaki ya makasha yetu yote, tukapanga, tukahesabu, tukapata seti moja kamili. Moja, kwa watu kumi. Nilikwenda mwenyewe mpaka kwenye geti la kile kiwanda kuuliza kama watarudi kutengeneza. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye dawati la shule. Aliniangalia, akasema, "Mzee, hapa wanauza mpaka mabati, wewe unaulizia wanasesere?" Nilirudi nyumbani kwa miguu nusu ya njia kwa hasira.

Mtu wa nchi nyingine labda angekwenda kucheza zaidi kabla mchezo haujafa. Sie tuliunda chama. Mwalimu alisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wote tukaitikia kama tuko darasani. Akawa mwenyekiti. Mie kwa kuwa nilikuwa na mwandiko, na kwa kuwa ofisini nilikuwa naweza kupiga taipu, nikawa katibu. Tulikaa Jumapili tatu kuandika katiba. Jumapili ya nne tulijadili rangi ya wino wa mhuri. Katika Jumapili hizo nne hakufa askari hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyecheza.

Tulinunua sanduku la bati, lile la kupelekea watoto bweni, na tukalitia kufuli tatu kama lilivyo sanduku la chama cha kuzikana mtaani kwetu: funguo tatu, watu watatu, ili asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake. Mwalimu alichukua ufunguo mmoja, fundi cherehani mmoja, mie mmoja. Sanduku likawekwa kwangu, chumba cha uani, chini sakafuni. Sakafu ya chumba kile ilikuwa na ufa tangu enzi za baba. Hilo nalo niliandika kwenye muhtasari, Mungu shahidi, niliandika "sakafu yenye ufa".

Wiki ile ile, tulipokuwa tunapanga askari sandukuni kwa mistari, mtani alimchukua jemadari mwekundu. Alimchukua mbele yangu. Alimpachika nyuma ya sikio kama penseli ya seremala, akanikonyeza, akasema, "Huyu mateka. Utamkomboa." Akaenda zake Manzese. Mie nilicheka, na kicheko kile nakikumbuka, kilikuwa cha kweli.

Siku mbili baadaye Mwalimu alikuja na fundi kuhakiki mali. Wakahesabu, wakakuta jemadari hayupo. Mwalimu aligeuka rangi. Akauliza nani amechukua, na kwa idhini ya nani. Nilikuwa na maneno manne tu ya kusema: mtani wangu kamteka, nitamkomboa. Yangetosha. Fundi angecheka, Mwalimu angenuna kidogo, basi. Lakini mhuri ulikuwa mpya. Hiyo ndiyo sababu, na nimeitafuta nyingine kwa miaka nikaikosa. Mhuri ulikuwa mpya, haujawahi kugonga karatasi yoyote, na mie nilikuwa katibu. Nikasema, "Mwenyekiti, nitamwandikia barua."

Niliipiga taipu ofisini wakati wa chakula. YAH: KUTOWEKA KWA JEMADARI MWEKUNDU. Nikaandika kwamba kamati imesikitishwa na kitendo chake cha kuchukua mali ya chama bila idhini. Nikaandika kwamba anatakiwa kuirejesha ndani ya siku saba, vinginevyo uanachama wake utasitishwa. Nikagonga mhuri, nikapuliza wino ukauke. Fundi alikuwa anakwenda Manzese kununua nyuzi, nikampa aipeleke. Mke wangu aliiona kabla haijatoka. Akasoma mpaka mwisho, akaniuliza, "Unamwandikia barua mtani?" Nikamwambia haya ni mambo ya ofisi. "Ofisi ipi?" akauliza. Nikaitia barua kwenye bahasha, na yeye akarudi jikoni kwake.

Jumapili iliyofuata mtani alifika kabla ya wote. Hakupiga hodi ya makalio. Alisema, "Asalaam aleikum," kama mtu anayekuja kuposa, akakaa pembeni akasubiri kamati itimie. Tulipotimia akafungua kiganja cha kulia, tukamwona jemadari wetu. Akafungua cha kushoto, tukamwona mwingine. Kofia ile ile, mkono ule ule kiunoni, pua ile ile iliyopinda kwa sababu mashine ya kiwanda ilikuwa na kasoro. Hata kasoro aliichonga.

"Huyu wenu," akasema. "Na huyu nimemchonga kwa mpingo. Nilimchukua yule nipate kipimo. Nilitaka niwaoneshe kwamba kiwanda kikifa, Bonde halifi. Nipeni mwaka mmoja, nitawachonga wote themanini, na wakipotea nitawachonga tena."

Sijui kama ninaeleweka. Ile hofu tuliyolala nayo na kuamka nayo, jibu lake lilikuwa limekaa kwenye kiganja cha mtu, kibarazani kwangu, limepakwa rangi nyekundu. Na sie tukaanza kulijadili. Mwalimu alimpima yule wa mpingo mkononi, akasema, "Huyu mzito. Si wa kiwanda." Mwingine akasema kama kila mtu atachonga wake, kesho tutakuwa na jemadari mwenye mabawa. Fundi cherehani, ambaye maisha yake yote alishona suruali kwa kufuatisha suruali ya mtu mwingine, alisema nakala si kitu halisi. Halafu Mwalimu akaniuliza katibu ana maoni gani.

Mtani aliniangalia. Alikuwa ananipa nafasi. Ningemwambia tu, "Mla panya, kumbe una akili," yote yangeisha, barua ingekuwa kichekesho, na kamati ingenifuata kwa sababu kibaraza kilikuwa changu. Badala yake nilifungua daftari. Nikasoma kwa sauti huku naandika: "Imekubaliwa kwamba nakala haitambuliki kuwa mali ya chama, na irudishwe kwa mwenyewe."

Akamchukua jemadari wake wa mpingo, akamtia mfukoni. Mlangoni akageuka, akasema jambo moja la kazi, kwa upole, "Msonobari ni chakula cha mchwa. Na mbao isiyoshikwashikwa ndiyo wanayoipenda zaidi. Liinueni hilo sanduku juu ya matofali." Kisha akaondoka, na chakula chake mke wangu alikirudisha jikoni bila kuguswa.

Suala la matofali niliandika kwenye ajenda. Mkutano uliofuata tulibishana kama matofali yawe ya chama au ya mwenye nyumba, na kama ni ya chama, yatatunzwa wapi yakiwa hayatumiki. Likaahirishwa. Mkutano wa baadaye akidi haikutimia. Lipo mpaka leo kwenye daftari langu, "Matofali: limeahirishwa," mara tano, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Baada ya hapo tulipitisha azimio ambalo naona aibu kulisimulia. Kwa kuwa askari wanachakaa kwa kushikwa, michezo isimamishwe mpaka mustakabali wa Bonde ujulikane. Neno hilo, mustakabali, tulilipenda sana. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tulikaa kuzunguka sanduku lililofungwa tukajadili mustakabali. Nani amesikia nini kuhusu kiwanda. Kama mwenye mali mpya atataka mchezo au atataka mashine tu. Kama tuwaandikie wenye kiwanda barua ya pili kwa sababu ya kwanza haikujibiwa. Mke wangu alipita na sinia la chai siku moja, akasema kwa sauti ya kutosha, "Mtu bado anapumua nyie mshatandika matanga." Mwalimu alijifanya hajasikia.

Mitumba ikammaliza fundi cherehani. Nani atashonesha suruali mwezi mzima wakati ya Ulaya inauzwa imekunjwa chini, tayari ina zipu? Akauza cherehani moja, akahamia Chanika kulima mihogo na mananasi, akaenda na ufunguo wake. Hatukumdai. Tulisema tutaufuata siku ukihitajika. Watu wakapungua. Mikutano ikawa mie na Mwalimu, na sanduku katikati yetu. Kuhusu mtani tulikuwa hatuzungumzi. Nilikuwa nikipita Manzese naangalia upande wa pili wa barabara.

Zaidi ya miaka miwili ikapita hivyo. Halafu Mwalimu akaja mchana mmoja anahema, ameacha hata bakora yake. Mwanafunzi wake wa zamani alikuwa amepata kazi kwa mwenye mali mpya wa kile kiwanda, na alikuwa amesema kama wazee wanao mchezo kamili auone, yeye ataupeleka mezani kwa bosi wake. Mwalimu alikuwa na machozi. Alisema, "Si nilisema? Si nilisema tutunze?" Nami niliamini. Kwa siku moja na nusu niliamini kwamba tulikuwa na haki.

Nilikwenda Chanika. Nilimkuta fundi kwenye matuta, amekonda, miguu imepasuka kwa udongo. Hakukumbuka ufunguo uko wapi. Tulipekua mpaka tukaupata, mkewe alikuwa ameufunga kwenye kamba ya mlango wa banda la kuku. Akataka kuja nami kushuhudia, tukarudi wote Temeke.

Tulilitoa sanduku uani kwenye mwanga. Lilikuwa jepesi, nikaliona jepesi, nikajiambia nina nguvu leo. Tukafungua kufuli moja moja kwa utaratibu wa katiba, mwenyekiti kwanza. Kifuniko kikapanda. Na askari walikuwepo. Wallahi walikuwepo, wamepangwa mistari kama tulivyowaacha, wa kijani huku, wekundu kule, jemadari mbele na pua yake iliyopinda. Mwalimu alisema, "Alhamdulillahi," ingawa yeye ni Mkristo. Akamshika jemadari mwekundu kwa vidole viwili ili amwinue, na jemadari akabonyea, akawa vumbi.

Ilikuwa rangi tupu. Mchwa walipanda kwenye ufa, wakatoboa bati lililoliwa na kutu, wakala msonobari wote ndani kwa ndani, wakaacha rangi kwa sababu rangi haiwapendezi. Tulijaribu kila mmoja. Themanini. Fundi alikuwa anawagusa na kulia, anawagusa na kulia, na wote wanaisha. Kijitabu cha kanuni kilikuwa kimebaki uti wa gundi. Kamba ya mafundo ilikuwa udongo. Kitu pekee cha Bonde kilichobaki kizima duniani, nilidhani, kilikuwa daftari langu la mihtasari, kwa kuwa nililiweka kabatini. Mali yetu ilikuwa na daftari, na ilipotea bila habari vilevile.

Siku ya tatu nilikwenda Manzese. Nitasema ukweli: nilikwenda kwa sababu Mwalimu alitaka mchezo wa kupeleka kwa yule mwanafunzi wake. Msamaha nilikuwa nimeupanga uje baadaye, ukishapatikana mchezo. Njiani nilirudia maneno ya kuingilia. Niliona nikianza na utani, utani wenyewe utanifungulia mlango.

Kibanda kilikuwa kimepanuka. Walikuwa wachongaji watano, watu wazima wenye ndevu, na ilikuwa saa ya chakula. Hawakuwa wanakula. Walikuwa wameizunguka meza ya kazi, wanapiga kelele, na juu ya meza kulikuwa na vumbi la mpingo lililolundikwa milima, na kipande cha kamba chenye mafundo, na majeshi mawili. Themanini, na zaidi. Wengine sikuwajua: mwanamke mwenye mtungi, mpiga ngoma, simba aliyechuchumaa. Wote wameng'aa kwa kushikwa. Mtani alikuwa amesimama kichwani mwa meza, anacheka, anapima.

Nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti yangu ya zamani, "Mla panya wee, unacheka nini?"

Kelele zikakoma. Mtani aliinua uso, na kile kicheko kikashuka polepole, si kwa hasira. Akajifuta mikono kwenye suruali. Akavuta kigoda akakipangusa vumbi.

"Karibu, Ndugu Katibu," akasema.

Nilikaa. Aliniuliza habari za nyumbani, nikamwambia nzuri. Akamuulizia mke wangu, akamuulizia Mwalimu, kwa adabu kamili, mpaka nikatamani anitukane. Nikamweleza ya mchwa. Alisikiliza, akasema pole sana. Hakusema habari ya matofali. Nikamwambia tunahitaji askari themanini, kama wale wa kiwanda, kama itawezekana. Akasema inawezekana, nirudi baada ya miezi miwili kuwachukua. Nilitia mkono mfukoni nikasema walau nimnunulie soda. Akasema ahsante, wameshakunywa.

Nilibaki pale kidogo natazama mchezo, maana hakuna aliyenifukuza. Mmoja wao alimsogeza jemadari mafundo manne. Kanuni ni mafundo matatu. Nilifungua mdomo kumsahihisha, kisha nikaona nyuso zao, hawakuwa wanakosea, walikuwa wanacheza hivyo. Nikaufunga. Wakati natoka nilimsikia yule wa mafundo manne akimuuliza mtani huyu mzee ni nani.

"Mteja," akajibu, na akarusha dadu.